Mjomba kaokoka, sasa anazunguka na daftari la kangomba kurudishia watu hela. Ukoo umechafuka, njooni tujadili

mwana_wa_Mahuta
Wakuu habari za humu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite tu asije kulalamika mbele.

Kwa wasiotokea kusini, huku kwetu mjomba sio ndugu wa kuja harusini akala akasepa. Mjomba ndo ukoo. Akiyumba yeye nyumba zote zinayumba, ndo maana hili jambo limekua kubwa kuliko lilivyo.

Huyu wa kwetu, kaka wa mama tumbo moja, alikua kangomba. Kangomba wa kweli kweli sio wa kubahatisha. Wasiojua ni hivi, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano huko uwandani hela hakuna, za korosho zilishaliwa, za jando zilishaliwa, mvua inanyesha, mtoto anaumwa au anadaiwa shuleni. Anakuja mtu na hela mkononi. Anakupa elfu themanini leo, jina lako linaandikwa kwenye daftari, msimu ukifika unampa gunia zima. Wengine anawapimia kwa bakuli, na bakuli la kangomba mnalijua lilivyo, linajazwa mpaka linaota kilima. Gunia linaingia ghalani kusubiri mnada kwa jina lake yeye kama mkulima halali. Msimu wa 2017 mnada ulipita 4,000 kwa kilo, yeye kwenye daftari alishanunua kwa buku. Fanyeni hesabu wenyewe.

Ikaja 2018. Wanunuzi na bei haziivi, Magufuli akasema serikali inanunua yenyewe kwa 3,300, wanajeshi wakaja kusomba, na ukaja uhakiki, mwenye mzigo mkubwa aonyeshe mikorosho yake iko wapi. Mjomba ana mikorosho arobaini na kitu alafu ghalani ana mzigo wa mtu mwenye msitu. Ikakwama. Na ile hela aliyokua anazungushia haikua yake, ilikua ya watu wa mjini ambao hawana utani, hata kilichokuja kutoka baadae kiliishia kwao. Akauza pikipiki, akauza bati zilizokua zimepangwa ndani, mkaza mjomba akarudi kwao na watoto wadogo wawili. Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, anakunywa uraka, pombe ya mabibo, yakiisha anahamia gongo. Tulifika mahali tukawa tunaulizana tu nani atakua karibu siku tukipigiwa simu.

Sasa sikilizeni. Kuna mzee mmoja katekista wa Anglikana pale kijijini, mstaafu, miguu mibovu. Huyo mzee na yeye alikua humo kwenye daftari, gunia mbili. Akaanza kwenda kwa mjomba jioni na chupa ya chai. Hahubiri. Wanakunywa chai wanaongelea ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na bei ya salfa, dawa yake ya unga, anaondoka. Imeenda hivyo muda mrefu mpaka watu wakasema mzee anapeleleza deni lake. Baadae mjomba mwenyewe akamuuliza jumapili wanaanza saa ngapi.

Hakukua na mkutano wa injili wala spika wala watu kuanguka. Ibada ya kawaida, watu thelathini hivi, somo lilikua Luka 19, Zakayo. Mjomba anasema alipofika pale "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne" hakusikia tena mahubiri yaliyobaki, alikua anawaza daftari liko wapi. Lilikua chini ya godoro.

Toka hapo hajanywa, ukitoa mara moja nitakayoisema mbele ya safari. Na anazunguka na daftari. Anagonga hodi, anafungua ukurasa, anasema "mwaka fulani nilikupa hii nikachukua hii, iliyozidi ni kiasi hiki, ni yako". Anapiga hesabu ya bei ya mnada wa mwaka ule, anatoa makato, anatoa alichompa, kinachobaki anarudisha kidogo kidogo. Hela anapata wapi? Vibarua vya kupalilia, na ameanza kubangua. Ila majina ni mengi, ndo sasa anataka kuuza kiwanja chake cha Mtwara mjini na nusu ya mikorosho.

Mama analia, anasema mtoto wa mdogo wangu atasoma na nini. Bamdogo mmoja anasema huo ni ugonjwa. Na mchungaji mmoja wa huduma ya mjini kamwambia asijitese, ya kale yamepita. Mjomba kabaki katikati. Mi mwenyewe sio mlokole, kanisani naenda Pasaka na Krismasi, lakini sijawahi kuona mtu anabadilika hivi mbele ya macho yangu kwahiyo siwezi kukaa kimya. Nyie mnasemaje?

korosho_mbichi
Mjomba apitie na Kitangari huku, kuna wenzie wanatakiwa wamuone kwa macho 😂

Bwana_Shangani
Mimi nashuka tu kusoma comments.

mteule255
Mkuu Mahuta, bwana asifiwe. Nasema kwa upendo. Huyo mchungaji wa mjini yuko sahihi na msije mkamrudisha mjomba kwenye kongwa. 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita tazama yamekuwa mapya. Waefeso 2:8, mmeokolewa kwa neema, ni kipawa. Sasa kipawa unakilipia? Yule mnyang'anyi msalabani alilipa nini? Hakurudisha hata shilingi na akaambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Shetani akishindwa kumfunga mtu kwa pombe anamfunga kwa hatia. Nimeona watu wameokoka vizuri alafu wanakaa miaka wanajichapa kwa makosa ambayo damu ilishafuta. Mjomba ashukuru, atoe ushuhuda, aanze maisha. Hayo madaftari yachomwe moto.

Mama_Nanguruwe
Kuchoma daftari. Aisee.

Mteule mwanangu, najua hunijui ila naomba nikwambie kitu. Mi mkatoliki, mama yangu mkulima, mikorosho aliyoachiwa na bibi yake. Aliugua mdogo wetu wa mwisho, mama akachukua hela kwa kangomba, sio huyu mjomba wa huyu kijana, mwingine kabisa. Msimu uliofuata gunia zote zilienda kulipa, hakubaki na mbegu ya kula, ikabidi akope tena kwa yule yule. Miaka mitatu mama yangu alikua anapulizia mikorosho yake mwenyewe kama kibarua wa mtu. Alafu yule bwana akaja kuokoka na yeye, akawa anasimama mbele kwenye mikutano anasimulia "nilikuwa mwovu nikidhulumu wajane" watu wanapiga vigelegele. Mama yangu yuko pale kwenye viti vya nyuma anamsikiliza. Mjane mwenyewe ndo yeye. Hakuna aliyegeuka kumwangalia.

Kwahiyo mnapoongelea tumaini muulize kwanza tumaini la nani. Mi sijui Mungu kamsamehe yule bwana au hajamsamehe, hiyo ni juu yao wawili. Ninachojua mama alizikwa akiwa bado anadai.

Mjomba wako mwambie asichome kitu.

mteule255
Pole sana mama. Sikuliangalia kwa upande huo kwakweli. Ila bado nasema wokovu haununuliwi.

mzawa_wa_Mtandi
Nimesoma wote. Mteule na Mama Nanguruwe mnaongea vitu viwili mnadhani ni kimoja. Mtanisamehe nitaandika sana, leo nipo likizo Masasi na mvua inanyesha.

Rudini kwenye hiyo Luka 19 msome taratibu. Zakayo yuko juu ya mkuyu, kibopa wa kodi, watu wote wanamjua. Yesu anasimama chini anamwambia shuka, leo imenipasa kushinda nyumbani mwako. Hapo Zakayo hajatubu, hajarudisha, hajasema kitu. Watu wananung'unika, kaingia kukaa kwa mtu mwenye dhambi. Hela anaitaja BAADA ya kutembelewa. Kwahiyo Mteule uko sahihi, hakununua, ila uko sahihi nusu, maana yule mtu alipopokelewa bure mikono ikaanza kufunguka yenyewe. Na angalia alivyofanya katekista wa pale kijijini, kaenda na chai kwa mtu anayemdai gunia mbili na hakudai. Nadhani yule mzee aliielewa hiyo sura muda mrefu kabla ya kuisoma siku ile.

Mnyang'anyi msalabani kweli hakulipa, alikua kapigiliwa misumari na anakufa jioni ile. Mjomba ana miguu na ana daftari.

Alafu hili la kurudisha sio la Zakayo kajitungia. Mambo ya Walawi sura ya 6, aliyedhulumu mwenzie arudishe kitu chenyewe na aongeze sehemu ya tano juu yake, ndo baadae aje na sadaka ya hatia. Na Mathayo 5, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako iache sadaka mbele ya madhabahu, nenda kapatane kwanza. Sasa sisi tumepindua, tunatoa sadaka nene ili tusiende kupatana.

Niwape na historia kidogo maana watu wa huku tunaisahau. Kanisa la Masasi halikuanza na watu wenye maisha mazuri. 1876 Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alitoka Zanzibar, soko la watumwa lilikua limefungwa miaka mitatu tu nyuma, akaja na kundi la watu walioachwa huru, hamsini na kitu hivi, wakashukia Lindi wakapanda na miguu. Shabaha ilikua awafikishe upande wa Nyasa walikotoka wengi wao. Wakafika Masasi, wakaona milima, ardhi nzuri, wakasema tunakaa hapa. 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, wakavamia, wakachoma, wakaondoka na mateka, yaani watu waliotoka utumwani wengine wakachukuliwa tena. Waliobaki wakajenga upya. Na kuna Cecil Majaliwa, Myao, aliuzwa akiwa mtoto akasomea Zanzibar, 1890 akawekwa upadre, Mwafrika wa kwanza kwenye misheni ile, na utumishi wake akaufanyia Chitangali, huku huku kwetu.

Kwanini naleta hii? Kwasababu hakuna mtu aliyewahi kugonga hodi kwa watu wale akasema mwaka fulani niliwauza, hiki ni chenu. Hakuna hata mmoja. Walijenga imani na mashamba na shule bila kurudishiwa chochote, na tumaini lao halikumsubiri aliyewauza atubu. Kwahiyo Mama Nanguruwe, mama yako hakukosa tumaini kwasababu yule bwana hakulipa, alimlea mtu anayeandika kama wewe. Lakini mtu akitokea kweli na daftari mkononi hiyo ni bahati ambayo mababu zetu hawakuipata, na ukoo usimzuie.

Mama_Nanguruwe
Umeandika vizuri kaka. Sikubali yote ila umeandika vizuri.

sharifu_wa_Mikindani
Assalaam aleykum na wengine tumsifu. Mi muislamu nachungulia tu uzi wa majirani, si mnajua huku tunakula pilau pamoja Idi na Krismasi. Niseme moja. Kwetu tauba ina masharti, uache lile kosa, ujute, uazimie kutorudia, na kama ni haki ya mtu umrudishie au umuombe akusamehe. Haki ya Mwenyezi Mungu yeye mwenyewe ni mwingi wa kusamehe, ila haki ya mja iko mikononi mwa mja. Hao waliomo kwenye daftari najua wengi ni waislamu, ndo wengi uwandani. Mjomba anapogonga hodi kwao wanamuelewa vizuri kabisa bila tafsiri.

korosho_mbichi
Sharifu kamaliza. Mkuu Mahuta lete ile ya "mara moja", umetuning'iniza.

mwana_wa_Mahuta
Nimerudi wakuu, umeme ulikata.

Kwanza Mama Nanguruwe nimemsomea mjomba ulichoandika, neno kwa neno. Hakusema kitu, kaomba nirudie pale pa viti vya nyuma. Alafu kasema yeye kanisani wamemuomba atoe ushuhuda mbele na amekataa mpaka daftari liishe. Sikujua hilo, ndo nimelijua leo kwa ajili ya huu uzi.

Ile ya mara moja ni hivi. Kuna mtu alimfuata akakuta ameshafariki, wakatokea warithi watatu kila mmoja anasema hela ni yake, wakapigana pale pale uwanjani kwa marehemu. Wakamgeuzia kibao kwamba kaja kuwagombanisha. Siku hiyo mabibo yamejaa kila mahali harufu ya uraka kijiji kizima. Akanywa mpaka akalala barabarani. Watu wakasema tuliwaambia. Bamdogo akacheka kabisa, akasema wokovu wa chai huo. Asubuhi yake ilikua jumapili, mjomba akaoga akaenda kanisani ananuka vile vile, akakaa. Katekista akasogea akakaa pembeni yake. Mi kama kuna kitu kilinishtua kwenye hii stori yote basi sio kuacha pombe, ni kwenda pale siku ile. Zamani angejificha wiki nzima na kwasababu kajificha angekunywa tena.

Walivyompokea watu kwenye nyumba ni tofauti tofauti. Mmoja kamtukana kwa Kimakonde matusi ambayo siwezi kuyaandika, alafu kapokea hela. Mwingine anataka na riba, anasema Zakayo alirudisha mara nne mbona wewe mara moja, na yeye ni muislamu sijui Zakayo kamjulia wapi 😂 Mwingine kamwambia ile elfu themanini ilimuokoa mwanae, yeye hamdai, waachane kwa amani. Mjomba akaniambia huyo aliyesamehe ndo alimuuma kuliko aliyetukana.

Kuna bibi mmoja wa upande wa Luagala hataki hela kabisa. Anasema hela zikiingia ndani wajukuu wanamaliza, yeye anataka mikorosho yake ipuliziwe msimu mzima, mabomba yote, na mjomba awe anakuja mwenyewe asitume mtu.

zamani_chapombe
Mi nimeacha gongo, nipo Lindi mjini. Nataka kuongezea hapo pa kwenda kanisani unanuka. Walioniokoa mimi hawakunihubiria sana, wamejaa wahubiri mpaka stendi. Mzee wa kanisa alinipa kazi ya kugonga kengele asubuhi. Kazi ya kijinga tu ila usipoamka watu wote wanajua. Nikianguka ananiambia kesho saa kumi na mbili kengele iko pale pale. Basi. Mpeni mjomba kitu cha kufanya ambacho watu wanakitegemea, sio hotuba. Na hilo la bibi wa Luagala ni dawa kuliko anavyojua.

mhasibu_mstaafu
Naomba niwe mkavu kidogo maana mmehubiri vya kutosha.

Kiwanja cha mjini ni chake mwenyewe? Kama ni chake auze, hiyo ni mali iliyotokana na biashara ile ile. Mikorosho asiuze hata mti mmoja. Kwanza mikorosho ya ukoo wa kike huko kwenu hata uwezo wa kuiuza peke yake hana, mtaishia baraza la kata. Pili mkorosho ndo unaotoa hela kila mwaka, ukiuuza umelipa watu kumi leo na themanini wamekosa kabisa. Biblia yenu hiyo hiyo 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake, yaani wa nyumbani mwake, ameikana imani. Mkaza mjomba na wale watoto wawili nao ni wadai wake, wawekwe kwenye daftari ukurasa wa kwanza. Kila msimu hela ya mnada ikiingia benki igawanywe mafungu, watoto, shamba, daftari. Kila anayelipwa asaini, na mashahidi wawe wa dini zote mbili. Kwa marehemu asipeleke hela uwanjani, apitie kwa mwenyekiti wa kijiji warithi wakae wakubaliane kwanza.

mteule255
Mzee mhasibu hapo pa watoto umenigusa. Mahuta, mwambie mjomba tunamuombea huku Chikongola. Na nimefikiria tena, daftari asichome.

Mama_Nanguruwe
Mteule nimekuona. Ubarikiwe.

mwana_wa_Mahuta
Mrejesho wa kikao cha ukoo, tumekaa jana.

Nilimsomea mama comment ya mhasibu akaitaka niisome mbele ya wote. Kiwanja kinauzwa. Mikorosho haiguswi. Bamdogo kapinga mpaka mwisho, anasema tunamshangilia mtu aliyeharibu wakati yeye aliyekaa shambani miaka yote hajawahi kuchinjiwa hata kuku. Mzawa wa Mtandi utaijua hiyo imetoka wapi, ni yule kaka wa mwana mpotevu. Ila kwa haki kabisa bamdogo ana hoja, yeye ndo alikua analipa ada za watoto wa mjomba kipindi kile na hakuna aliyemshukuru. Mama kasimama kamshukuru mbele ya watu. Hajalainika ila kakaa.

Mkaza mjomba tulimpigia. Kasema harudi kwa maneno, atatuma watoto likizo ya mwezi wa sita wakae na baba yao, wakirudi salama wataongea. Mjomba kakubali, anaogopa kweli kweli, anauliza watoto wanakula nini siku hizi.

Kwa bibi wa Luagala, salfa ya ruzuku ikifika tunaanza nae. Bomba la kupulizia la mjomba alishauza enzi za gongo, kwahiyo kama kuna mwenye bomba la motor analoazimisha au kukodisha upande wa Tandahimba aje PM, mafuta tutaweka wenyewe.

korosho_mbichi
Ninalo. Carburetor inasumbua kidogo asubuhi ila inawaka. Nakuja PM.